Mkanda Aliomshonea Uzi

Katika miaka thelathini na minane ya kushona mashati, kaka yangu hakuwahi kukosea shingo ya mtu, na hilo ndilo lililotuponza.

Mtaani wanamwita Sentimita. Wapo wanaodhani ni utani kwa kuwa ni mfupi, lakini waliompa jina hilo ni wateja aliowarudisha nyumbani kwa sababu walikuja kupimwa wakiwa wameshiba. "Njoo kesho asubuhi, kabla hujala," humwambia mtu mzima na heshima zake, na mtu mzima huondoka kimya, kesho yake akarudi na njaa.

Mimi ni mdogo wake, mziwanda wa kwetu. Kazi yangu ni kutia vifungo, kupiga pasi na kugombana na wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao. Chumba cha kazi kiko chini, kinatazama barabara. Yeye anakaa juu, ngazi kumi na saba. Ana cherehani mbili. Ya pili ilikuwa ya marehemu wifi yangu, na tangu atutoke hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa, hata kuifuta vumbi anaifuta mwenyewe. Kwa miaka miwili baada ya msiba kaka alikuwa haongei. Namuuliza shati la mwalimu ni mikono mirefu au mifupi, ananyoosha kidole. Namwambia naenda zangu, anatikisa kichwa. Siku moja nilimrushia pasi, na msije mkanisingizia, ilikuwa ya baridi, ili tu anitukane. Akaiokota, akairudisha mezani, akaendelea kupinda.

Kilichomfungua mdomo ni mbwa wa mtu mwingine. Mzee mmoja alikuja kujaribu suti, akiwa na mbwa mdogo mwembamba, kifua kirefu, tumbo limeingia ndani, miguu kama sindano za kufumia sweta. Yule mbwa alisimama kimya dakika ishirini nzima huku bwana wake akizungushwa na kuchorwa chaki, na muda wote alikuwa akimtazama kaka usoni. Kaka akaiweka chaki chini.

"Huyu ni mbwa gani?"

Mimi niliyekuwa nimeshika kifungo mdomoni nusura nikimeze. Mzee akaeleza kwamba ni aina ndogo ya mbwa wa mbio, wale wanaowinda kwa macho wala si kwa pua. Kaka akauliza wanapatikana wapi.

"Kwa Mkunga," mzee akasema. "Ila ujiandae, fundi. Yule mama kwanza anakufanyisha mtihani."

Mkunga alikuwa mkunga kweli, amezalisha wanawake mpaka akastaafu, na mikono yake haikuweza kukaa bure. Alikuwa na mbwa watatu wa aina hiyo na alikubali wazae mara moja tu kwa mwaka, miaka mingine hata hiyo moja hapana. Jumapili tulipobisha alifungua mlango nusu, akatuuliza maswali tukiwa bado kizingitini. Mchana nyumbani anabaki nani? Mnalala chini au juu? Ngazi ngapi?

"Kumi na saba," kaka akasema, na fahari ya mtu anayejua vipimo vyake.

Mkunga akatikisa kichwa. "Miguu ya mbele ya hawa watoto inavunjika kirahisi mno mpaka wafikishe mwaka na nusu hivi. Wengine wanavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Ngazi zako utambeba, kupanda na kushuka, kila siku, uwe na homa usiwe na homa. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Nionyeshe." Akampa mto wa kochi.

Kaka yangu, mtu wa miaka sitini na moja, akaubeba ule mto akazunguka nao sebuleni. Mimi nikacheka. Mkunga alinitupia jicho moja tu, kicheko kikanikauka.

Tulikwenda Jumapili tatu, na hakukubali iwe chini ya hapo. Ya kwanza alituonyesha mama yake watoto, akatuacha tukae karibu naye, tuone kama ni mtulivu au ni mwenye kuogopa ovyo. "Mtu akikuuzia mtoto wa mbwa bila kukuonyesha mama yake, aga uondoke," alisema. Watoto wenyewe hakuwatoa mpaka walipotimiza wiki kumi, kwa sababu alitaka wafunzwe kwanza na mama yao kutouma. Ya pili alitueleza kwamba hawana mafuta mwilini wala manyoya ya maana, kwa hiyo baridi ya asubuhi inawatetemesha, na siku ya mvua watakataa kutoka na watakojoa ndani wakikutazama machoni. "Ukimkaripia leo, wiki nzima anakukimbia. Kama una mdomo mkali, nunua kuku." Hapo alikuwa ananitazama mimi.

Na lile la kukimbia alilirudia kila tulipokwenda. Mbwa huyu hafunguliwi kamba nje, hata akiwa na adabu namna gani. Akiona kitu kinapita mbio, masikio yake hayasikii tena jina lake. "Akikuponyoka usimkimbize, humpati. Akikuona unamfuata anaongeza mwendo. Lala chini. Lala kabisa, uongee pole pole. Atarudi kutazama umepatwa na nini."

Jumapili ya tatu alimkabidhi kaka mtoto mmoja, na karatasi ngumu, nene, ameiandika pande zote mbili kwa mwandiko wa hospitalini, na chini kabisa namba yake ya simu. Akampa na mkanda wa shingo, mpana, umechakaa, una kitanzi cha pili kinachojikaza mbwa akivuta. Kaka aliushika kwa vidole viwili.

"Mama, mimi ni fundi. Mshono huu..."

"Sikupi kwa urembo. Mvalishe huo." Kisha akasimama mbele ya mlango kabla hatujatoka. "Na jambo la mwisho. Akiumia kwa uzembe wenu, nakuja kumchukua siku hiyohiyo. Hela zenu nitawarudishia, mbwa hamtamwona tena. Msidhani sitajua."

Njiani kaka alimweka yule mtoto ndani ya koti lake, kichwa kikichungulia kati ya vifungo. Akamwita Uzi. Na akaanza kuongea.

Jamani, aliongea! Alimweleza Uzi tofauti ya pamba na kitani. Alimweleza ni mteja gani ana bega moja limeshuka. Alimlalamikia kuhusu mimi, nami nikajibu, naye akanijibu, tukagombana kama zamani mpaka jirani wa duka la viatu akaja kuuliza kuna nini. Kikapu cha Uzi alikiweka chini ya cherehani ya wifi, pale miguu yake ilipokuwa ikikaa. Ngazi kumi na saba alimbeba asubuhi, mchana na jioni, mkono chini ya kifua, mkono chini ya makalio. Wapita njia walipomuuliza kwa nini anamnyima mbwa chakula, aliwapa somo la nusu saa. Siku moja nilimsikia anacheka peke yake kule ndani. Nilitoka uani nikalia, kwa furaha, na wala sioni haya kusema.

Lakini ule mkanda ulimkera. Kila mteja aliyeingia aliutazama, au kaka alidhani anautazama. Nyumba ya fundi, halafu mbwa wake amevaa kitu kama kamba ya mzigo! Wiki ya tano uzalendo ukamshinda. Alimpima Uzi shingo, akaongeza nafasi ya vidole viwili kama anavyoongeza kwenye kola ya shati lolote, akachagua kipande cha sufu ya bluu kilichobaki kwenye koti la hakimu. Ulipofika wakati wa kukata akatafuta karatasi ngumu ya kuchorea umbo. Ya dukani ilikuwa imekwisha. Akatoa ile ya Mkunga.

"Kaka, hiyo si ya maelezo?"

"Nimeshaisoma mara kumi."

Na mimi niliyeuliza ndiye niliyempa mkasi. Akakata katikati ya maandishi, mstari mmoja wa kupinda, safi kama kawaida yake.

Sasa mtu yeyote aliyewahi kuvaa shati anajua kwamba kola ikishafungwa kifungo haitoki kichwani. Shingo ni nyembamba, kichwa ni kikubwa. Kaka alikuwa amezipima shingo maelfu kwa msingi huo, na haikumpitikia hata kidogo kwamba kuna kiumbe kilichoumbwa kinyume. Mbwa hawa kichwa chao ni chembamba kuliko shingo yao. Mkanda wa kawaida, hata uwe wa kumkaa vipi, akirudi nyuma kidogo unamtoka kupitia masikioni. Ndiyo maana ule mbaya ulikuwa na kitanzi cha kujikaza. Mkunga alishasema, bila shaka alishasema, wakati kaka ameshughulika kuudharau mshono.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Tulitoka wote, mimi na furushi la mashati ya kupeleka, kaka na Uzi aliyevaa mkanda wake mpya wa bluu. Mbele ya duka la mikate lori lilikuwa linasimama, na breki zake zikatoa ule upepo wa ghafla, psssss. Uzi akashtuka, akarudi nyuma hatua mbili. Mkanda ukateleza juu ya masikio yake ukabaki unaning'inia kwenye kamba, umefungwa vilevile, kifungo hakijaguswa. Kwa sekunde moja alisimama mtupu akitutazama. Gazeti likapeperuka kwenye njia ya miguu, naye akaenda nalo.

Nikatupa mashati nikamkimbiza. Nakiri, kwa sababu Jumapili tatu nilikaa kwenye kochi la Mkunga nikaambiwa nisifanye hivyo, na miguu yangu haikungoja ruhusa. Nilipiga kelele jina lake kwa sauti yangu yote. Gazeti lilikuwa limenasa mlangoni kwa muuza mikate na Uzi alikuwa ameshasimama; aliposikia kishindo changu akageuka, akaniona nakuja, akaingia barabarani.

"Simama!" kaka alinifokea. "Simama hapohapo ulipo!"

Nikasimama. Basi lilipita kati yangu na mbwa, nikafumba macho. Nilipofumbua Uzi alikuwa amepanda juu ya ukuta mfupi unaotenganisha njia mbili za magari, anatetemeka, anageuza kichwa huku na huku. Na kaka yangu, mtu anayetandika leso kabla ya kukaa kwenye benchi la hospitali, alikuwa amelala ukingoni mwa barabara, shavu kwenye lami, suruali ya kijivu kwenye maji ya mtaroni. Dereva wa teksi alifunga breki akamporomoshea matusi. Kaka hakujibu. Alikuwa anaongea na Uzi kwa sauti ileile ya kwenye cherehani, taratibu, kuhusu mashati ya siku hiyo, ni mangapi yamekwisha, ni mangapi yamebaki.

Uzi alimwona. Masikio yakasimama. Pikipiki ikapita, kisha gari dogo, kisha pakawa na nafasi, naye akaruka kutoka juu ya ule ukuta kumfuata. Ukuta wenyewe haukuzidi goti langu. Nilisikia mlio mdogo, mkavu, na baada yake ukelele ambao sikujua kama mbwa anaweza kuutoa. Alimfikia kaka kwa miguu mitatu.

Teksi iliyotutukana ndiyo iliyotupeleka. Zahanati ya mifugo ilikuwa na chumba kimoja cha kungojea, benchi moja na mizani ya kupimia ndama. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa, na alisema wazi kwamba siku zote anatibu ng'ombe na mbwa wa ulinzi. Kitu cha kwanza alituuliza kama tunampa chakula. Kisha akapiga picha ya mguu, akatuonyesha: mifupa yote miwili ya mguu wa mbele imekatika, na ncha moja inasukuma ngozi kwa ndani.

"Ngozi yake ni nyembamba mno. Ikitoboka, uchafu unaingia na mguu tunaweza kuukosa. Nataka kumtia chuma sasa hivi." Akasita. "Shida ni kumlaza. Nilisoma chuoni kwamba hawa wa mbio baadhi ya dawa za usingizi zinawagandia mwilini, kwa sababu hawana mafuta. Wengine hawaamki. Mimi sijawahi kumlaza hata mmoja. Aliyewapa hakuwaambia?"

"Aliandika," kaka akasema.

Akatoa kadi ya chanjo mfukoni, na ndani yake ile karatasi ya Mkunga, au kilichobaki. Daktari akaikunjua. Nami nikasoma juu ya bega lake: *Akihitaji kulazwa, mwambieni daktari asitumie kabisa*, na hapo maneno yalikutana na mkasi. Mstari uliofuata, upande wa pili wa lile pengo la kupinda, ulisema: *siku mbili mama yake hakuweza kusimama.*

"Mbona imekatwa?" daktari akauliza.

"Nimeikata mimi."

Daktari alimtazama, akaitazama suruali yake, akaamua kutouliza zaidi. "Namba ya simu hii hapa chini haijaguswa. Mpigieni. Mimi naandaa. Nina robo saa, baada ya hapo nitatumia ninayoijua." Akaingia ndani na kufunga mlango. Tulimsikia Uzi akilia, sauti nyembamba isiyokatika.

Karatasi nilikuwa nimeishika mimi. Namba ya Mkunga haikuandikwa mahali pengine popote. Kaka hahifadhi namba za watu kwenye simu, anasema mtu wa maana anajua duka lilipo. Nikaikunja nikaifumbata.

"Usimpigie," nikasema.

"Nipe karatasi."

"Kaka, nisikilize. Ukimpigia anakuja kumchukua. Si alisema? Siku hiyohiyo. Huyu kijana amesoma, si umemsikia, anajua kuna tatizo, basi atachagua mwenyewe."

"Amesema hajawahi kumlaza hata mmoja."

"Ana akili zake! Mbwa atashonwa, atapona, Mkunga hatajua kitu. Tutamvalisha ule mkanda wake mbaya na tutakuwa tumekoma." Sauti ilikuwa inanitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. "Mimi siwezi kurudi kule, kaka. Siwezi kukaa tena na wewe unanijibu kwa kidole. Miaka miwili! Ulidhani sikuwa na msiba? Wifi alikuwa rafiki yangu."

Kaka alinyamaza, nikaogopa kwamba ndiyo imeanza tena. Maji ya mtaroni yalikuwa yanamdondoka kwenye upindo wa suruali. Alitazama mlango, akatazama saa ya ukutani.

"Akichukuliwa na Mkunga, nitajua yupo wapi," akasema. "Nipe, mdogo wangu."

Nilifumbua kiganja. Karatasi ilikuwa imelowa jasho langu, lakini tarakimu zilisomeka.

Mkunga alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Kaka alisimama wima kama mtu anayepimwa. "Mama, ni fundi. Uzi amevunjika mguu wa mbele. Kosa ni langu. Ule mkanda wako nilimvua nikamshonea wa kwangu, ukamtoka kichwani barabarani. Na karatasi yako nimeikata, mahali pa dawa ya usingizi. Daktari yuko tayari, anataka kujua asitumie ipi." Alisema yote kwa pumzi moja, hakutia hata neno la kujitetea, wala hakunitaja mimi niliyekimbiza.

Nikasikia sauti ya Mkunga kutoka kwenye simu: "Mpe daktari."

Kaka alifungua mlango bila kubisha. Daktari alisikiliza simu ikiwa imebanwa begani. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Hapana, hiyo nyingine pia ninayo." Juu ya meza, kando ya Uzi, bomba la sindano lilikuwa limeshajazwa. Akalichukua, akalisoma kibandiko chake kwa sauti, akasikiliza, akalitupa kwenye ndoo ya taka. "Ndiyo niliyokuwa nimeizoea," akatuambia, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mimi nikakaa palepale kwenye mizani ya ndama, ikasoma uzito wangu mbele ya watu.

Mkunga alifika kabla ya saa moja kuisha, na kikapu mkononi, ndani yake blanketi. Hakutusalimu. Aliingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka. Mguu ulikuwa umeshatiwa chuma. Sasa ilibaki kungoja aamke. Akanyoosha mkono, kaka akampa mkanda wa bluu. Aliugeuza, akaupitisha kwenye ngumi yake mwenyewe iliyofumbwa, akaurudisha.

"Umeshona vizuri sana," akasema. "Shati la mbwa huyu lingekuwa zuri."

Kaka akakiokota kikapu cha Mkunga akakishika kwa mikono miwili. "Mama, ulisema. Sitabisha. Akiamka mchukue. Naomba tu uniruhusu nimwone akisimama."

"Mimi ndiye niliyemkimbiza," nikadakia, machozi yameshanitangulia. "Alikuwa amesimama, mama, amesimama kabisa mlangoni kwa muuza mikate. Nilimpigia kelele akaingia barabarani. Mchukue, lakini usimlaumu yeye peke yake."

Mkunga alikaa kwenye benchi. Bila mlango wa kusimama mbele yake alionekana mzee kuliko nilivyodhani. Akavua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la kitenge chake, akaifuta muda mrefu.

"Mwaka juzi," akasema, "mtoto mmoja wa mbwa wangu alivunjika hivihivi. Mwenyewe alikuwa dada mmoja mpole, mwangalifu kuliko ninyi wawili. Alikaa kwenye benchi kama hili. Namba yangu alikuwa nayo. Lakini aliogopa kwamba nitamnyang'anya, akamwambia daktari afanye anavyojua. Mbwa hakuamka. Mimi nilikuja kusikia mwezi uliofuata, tena kwa jirani yake." Akavaa miwani. "Nilimchukia sana yule dada. Nikamwambia kila mtu. Kisha ninyi mkaja, nikasimama mlangoni nikawapa vitisho vilevile, neno kwa neno."

Kaka alikiweka kikapu chini.

"Nikiwa kazini," Mkunga akaendelea, "akina mama walioogopa kugombezwa ndio waliochelewa kuja. Nililijua hilo miaka arobaini. Sikulikumbuka kwa mbwa."

Daktari akachungulia mlangoni. "Anaanza kutikisa masikio."

"Nenda wewe, fundi," Mkunga akasema. "Akifumbua macho anataka sauti anayoijua. Na kitakapofunga kidonda mtakwenda naye nyumbani kwenu, wiki sita hakanyagi ngazi, nitakuja kuangalia kila Jumatano. Kuangalia tu. Nenda."

Kaka akaingia. Tulimsikia kupitia mlangoni, anaongea bila kituo, sufu, kitani, koti la hakimu. Kikatokea kilio kidogo cha usingizi, kisha daktari akacheka, na kaka hakuacha kuongea hata kwa hilo.

Nilibaki na Mkunga kwenye benchi. Alikuwa ananitazama kwa muda, mimi nilikuwa natazama sakafu.

"Alipotaka kunipigia," akasema, "kuna mtu alimkataza?"

"Mimi," nikasema.

"Namba yangu unayo?"

"Sina, mama."

"Toa simu yako."

Nikaitoa. Akanitajia tarakimu moja moja, nikaandika. Akataka nimsomee nilichoandika, nikamsomea. Kisha akaushika mkono wangu wenye simu, na mkono wake ulikuwa wa baridi, akaniambia nimsomee tena.